Kipa Hasemeshwi Siku ya Mechi

Siku ya mechi, simu ya akina Brisebois hulazwa ndani ya kapu la nguo chafu na kufunikwa taulo mbili, ili hata ikilia isikike kama inalia kwa jirani. Ilipolia Jumamosi ile saa tano asubuhi, Noreen aliifukua upesi, akaingia nayo bafuni, waya ukapita chini ya mlango, akachuchumaa kando ya beseni na kunong'ona.

"Halo?"

"Shemeji, ni Wendell. Wendell Sturgis. Usimwite, najua leo hasemeshwi. Sikiliza wewe."

Noreen alimkumbuka vizuri. Wendell alicheza timu moja na mumewe, Lucien, misimu minne, na sasa alikuwa kocha wa timu ya chuo kimoja huko Minnesota, mtu wa tai na gari lisilo na kutu. Alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi mbio.

"Kocha wangu wa makipa ameacha kazi. Jana tu, shemeji! Nafasi ni ya Lucien nikimtaka, na ninamtaka. Mkataba wa miaka mitatu, mshahara wa mwaka mzima, si huo wenu unaokatika Aprili. Na nyumba ya chuo, ina bustani. Lakini wakubwa wanakutana leo saa kumi na moja jioni, na kuna jamaa wanayemtaka wao. Nikiingia mle ndani bila jina mkononi, wanamchukua wa kwao."

"Leo? Wendell, leo kuna mechi ya nyota."

"Najua. Ndiyo maana nimekutafuta wewe."

"Haiwezi kungoja hadi usiku? Kipenga kikilia tu nitamwambia."

"Ingekuwa ni mimi ningengoja hadi Pasaka. Nipe neno moja kabla ya saa kumi na moja. Ndiyo au hapana. Msalimie Colette."

Akakata. Noreen alibaki amechuchumaa palepale, mkono wa simu kifuani. Nje ya kidirisha cha bafu theluji ilikuwa inashuka bila haraka, mabonge makubwa makubwa, na ziwa halikuonekana, wala mtaa, wala taa za duka la vifaa upande wa pili wa barabara. Ilikuwa moja ya zile siku ambazo mji wa Agate Bay hufutika wote, na mtu akitembea ndani ya nyumba yake anajiona kama anaota na huku yuko macho.

Alifikiri kwamba huenda hakuna simu iliyopigwa. Alilitaka wazo hilo liwe kweli, kisha akaona aibu kulitaka.

*

Makipa wa hoki ya barafu ni watu wa mambo yao. Mmoja havai kiatu cha kulia kabla ya cha kushoto, mwingine hazungumzi na mtu ila milingoti ya goli. La Lucien Brisebois lilikuwa hili: tangu afungue macho siku ya mechi hadi kipenga cha mwisho, hasemi wala hasemeshwi. Si hasira. Alikuwa anaingia mahali fulani ndani yake na kuufunga mlango, na mle ndani, kama alivyowahi kumweleza mkewe, kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo humjia polepole, anaweza hata kukihesabia mizunguko. Neno la mtu likipenya, kisahani hurudia mwendo wake wa kawaida, na mwendo wake wa kawaida haukamatiki.

Noreen alilicheka jambo hilo mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwaka wa pili alimuuliza mumewe kama anataka chumvi, na jioni ile Lucien akafungwa tisa. Tangu hapo chumvi ya nyumba ile inashinda mezani.

Sasa Lucien alikuwa na miaka thelathini na minne, msimu wake wa kumi na mbili katika Ligi ya Maziwa ya Kaskazini, ligi ya watu wanaolipwa kwa wiki na ambao kiangazi huenda kuezeka mapaa ya wenzao. Timu yake, Wachimba Shaba, haikuwahi kumpeleka kwenye mechi ya nyota, ile ya wachezaji bora wa ligi nzima, Kaskazini dhidi ya Kusini, hata mara moja. Mwaka huu, mechi ilipoletwa Agate Bay kwenyewe, kipa wa kwanza katika orodha aliitwa ligi ya juu na wa pili akavunjika kidole. Nafasi ni tatu, na Lucien alikuwa wa tano. Barua ya mwaliko haikulitaja hilo, na Noreen alikuwa ameibandika kwenye mlango wa friji, juu kabisa, palipokuwa na ratiba ya daktari wa meno.

Saa saba mchana aliweka mezani tambi na kuku mweupe bila mchuzi. Lucien alitoka chumbani akitembea kiubavu, maana magoti yake siku hizi hayakubali kwenda mbele. Alikula akiangalia mahali fulani kati ya chupa ya siki na ukuta. Colette, binti yao wa miaka minane, aliweka kijiko chake chini kama anavyolazwa mtoto mchanga. Alikuwa amekulia ndani ya kimya hicho na alikijua kuliko mama yake. Baba na binti walitabasamiana, maana tabasamu linaruhusiwa. Kisha Lucien akambusu mkewe utosini, busu nalo linaruhusiwa, akaenda kulala usingizi wake wa mchana.

Noreen alianza kukusanya sahani.

"Mama," Colette alinong'ona, "nani alipiga?"

"Mjomba Wendell."

"Amesema nini?"

Noreen alimweleza, kwa sababu alihitaji kumweleza mtu. Colette alisikiliza huku akichora ramani kwa tambi iliyobaki.

"Tunahama tena?"

"Sijui."

"Nitaingia shule nyingine?"

"Ungeingia moja, na hiyohiyo ungeimaliza."

Colette alilifikiria hilo. Shule yake ya sasa ilikuwa ya nne. "Na wewe unataka?"

Noreen alitaka. Alitaka hadi akawa anasugua sahani ambayo imeshatakata. Alitaka mlango ambao ufunguo wake haurudishwi kwa klabu kila Aprili. Alitaka kuamka siku moja na kumwona mumewe akishuka ngazi akienda mbele, si kiubavu.

"Baba ndiye wa kutaka," alisema.

"Basi mwandikie. Kuandika si kusema. Mimi humchorea."

Ilikuwa rahisi hivyo, na Noreen alikasirika kwamba ilikuwa rahisi.

*

Saa tisa na nusu Lucien aliamka. Akaketi jikoni, akaanza kuzungushia gongo lake utepe mweusi, mzunguko juu ya mzunguko, akiulainisha kwa kidole gumba. Kikombe chake cha chai kilikuwa mbele yake. Alipoinuka kwenda bafuni, Noreen alichomoa bahasha mfukoni mwa aproni. Nyuma yake alikuwa ameandika: *Wendell anakupa kazi ya kocha wa makipa. Miaka 3, nyumba. Anataka jibu kabla ya saa 11 leo. Jibu kwa kichwa tu.*

Akaisukuma chini ya kikombe. Akarudi nyuma hatua mbili, akasimama dirishani.

Aliyasikia maji yakitiririka bafuni. Akamwona mumewe akilini, kama vile ameshatoka, akikaa, akiinua kikombe, akisoma. Akajua vilevile atakavyofanya. Hangekasirika. Angeiweka bahasha chini kwa upole, angemtazama kwa yale macho ya mbali, na angetikisa kichwa kushoto na kulia, mara moja, kwa sababu leo ni siku ya mechi ya nyota na mtu aliyeitwa nyota hawezi jioni hiyohiyo kukubali kwamba amekwisha. Kesho angejuta, na kesho yule jamaa wa wakubwa angekuwa anapima mapazia ya ile nyumba yenye bustani.

Maji yalifungwa. Kitasa kikazunguka.

Noreen alivuka jiko kwa hatua mbili, akaichomoa bahasha chini ya kikombe, akaitumbukiza katika ndoo ya taka, katikati ya maganda ya viazi. Lucien alipotoka alimkuta anapangusa meza palipokuwa pasafi. Akaketi, akanywa chai. Hakuangalia ndoo, angeiangalia ya nini?

Colette, mlangoni, aliona yote. Hakusema kitu, na safari hii si kwa sababu ya mechi.

*

Chini ya ghorofa yao aliishi mwenye nyumba, Bi Aune Lahti, mjane wa mchimba mgodi. Noreen alimkuta anakunja vifuko vyake vya unga, vyenye nyama, viazi na kitunguu ndani, kwa ajili ya kuuzwa uwanjani jioni.

"Naomba simu yako, Bi Lahti. Yangu itamsumbua."

"Hiyo hapo, mwanangu. Mikono yangu ina unga, ila masikio siwezi kuyatoa nje."

Noreen alipiga. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Wendell alipokea kabla haijalia vizuri.

"Amesema ndiyo," Noreen alisema.

"Amesema? Lucien? Siku ya mechi?"

"Amekubali, Wendell. Weka jina lake."

Wendell alicheka kwa furaha hadi Noreen akausogeza mkono wa simu mbali na sikio. "Mungu akubariki, shemeji. Basi imekwisha. Naingia sasa hivi kuliweka mezani. Yule mwingine anapigiwa simu leoleo asijisumbue."

Alipoweka simu chini, Bi Lahti alikuwa anabana ukingo wa kifuko kwa uma, taratibu, jino baada ya jino.

"Mumeo ameanza kusema siku za mechi?"

"Hapana."

"Ah." Mama yule aligeuza kifuko upande wa pili. "Marehemu wangu niliwahi kumsemea hivyo. Nilimwambia msimamizi kwamba hatarudi shimoni tena. Nilisema ni yeye aliyenituma."

"Ikawaje?"

"Akaishi hadi sabini na tisa. Na mpaka anazikwa hakuwahi tena kuniachia pochi yake mezani." Akampa Noreen vifuko vitatu vilivyokwisha okwa, vya moto, ndani ya karatasi. "Nenda, utachelewa. Na funga skafu, nje kuna theluji."

*

Viti vya wake wa wachezaji, vile vilivyoko nyuma ya benchi, walikuwa wamepewa wenye duka la matairi waliofadhili mechi. Noreen, Colette na Bernadine, mke wa nahodha, walipelekwa nyuma ya nguzo, karibu na mashine ya bisi. Ili kuona goli la upande wa kushoto ilibidi mtu akae nusu kiti.

"Nyota wa ligi hao mabwana zetu," Bernadine alisema, "na sie tunatazama nguzo. Shoga, hii nguzo naifahamu sasa kuliko mume wangu. Angalau haikoromi." Akafungua kijitabu cha mechi. "Na huyu nani hapa kwenye ukurasa wa Lucien?"

Noreen alitazama. Picha ilikuwa ya kipa wa mwaka juzi, mwenye masharubu. Chini yake kulikuwa na jina la mumewe.

"Wataona tu kinyago, usijali," Bernadine alisema na kumpapasa goti. "Mbona umepauka? Unaumwa?"

"Sijala."

"Umeshika vifuko vitatu mkononi, mama."

Noreen alicheka, akauma kimoja, hakusikia ladha.

Mechi ya nyota haina ubabe. Mwaka mzima watu hao hubamizana kwenye mbao za ukingo wa uwanja hadi meno yadondoke. Siku hii hupishana kwa adabu kama wageni kwenye mlango wa harusi. Kila mtu anatesa kwa madaha, kila mtu anafunga, mashabiki wanacheka. Wanaoteseka ni makipa. Ni heshima kuitwa, kisha unasimama pale na kutobolewa kama kichujio, na ndiyo maana kila upande huleta watatu, kila mmoja kipindi kimoja, ili aibu igawanywe. Vipindi viwili vilipoisha, Kaskazini walikuwa na magoli tisa na Kusini manane.

Kipindi cha tatu akaingia Lucien Brisebois, golini kwa Kaskazini. Watu wa Agate Bay wakampigia makofi ya mtu wa nyumbani, marefu na ya upendo, pamoja na vicheko kidogo.

Shuti la kwanza alilidaka kama mtu anayechukua kofia yake msumarini. La pili akaliegemea tu. La tatu lilikuwa la mshambuliaji mmoja kijana wa Kusini, aliyemzunguka, akamlaza, akabaki na goli tupu. Na mguu wa Lucien, ambao asubuhi ulikuwa haukubali ngazi, ukatokea pale bila haraka na kukizuia kisahani mstarini. Mshambuliaji yule aliinua mikono kushangilia, kisha akaishusha.

Vicheko vikaanza kupungua. Wale wa Kusini walitazamana. Mmoja akavua madaha yake, akapiga kwa nguvu za kweli, Lucien akadaka. Wakaanza kukasirika kidogo, na hilo si jambo la mechi ya nyota. Wakaja wawili kwa mmoja, watatu kwa mmoja. Hakuna aliyekuwa anakula bisi. Ukumbi wa watu elfu nne ulinyamaza, kikawa kinasikika tu kile kichuma cha viatu kikikata barafu, na Noreen, amekaa nusu kiti, akaona kwa macho yake kitu alichokisikia kwa miaka kumi na mbili bila kukielewa. Kisahani kilikuwa kinaenda kasi ile ile ya siku zote. Lakini alipo Lucien mambo yote yalikuwa polepole. Alikuwa anafika mahali kabla ya kisahani, anakingoja, anakipokea. Yule mtu mzito mwenye magoti mabovu alikuwa amekwenda pengine, na huyu aliyebaki golini alikuwa mwepesi na hana umri.

"Yesu wangu," Bernadine alinong'ona. "Amekula nini?"

"Tambi," Noreen alisema, machozi yakamtoka.

Alikuwa anamwonea fahari mumewe, na papo hapo alitamani afungwe. Moja tu. Moja la kizembe, la kumkumbusha kila mtu kwamba ana miaka thelathini na minne. Alijisikia akilitamani hilo, akajichukia.

Hakufungwa. Mashuti kumi na tisa yalikuja, kumi na tisa aliyazuia. Kipenga kilipolia Kaskazini walikuwa na kumi na moja na Kusini wamebaki na manane yao, na wachezaji wa pande zote mbili wakamgonga Lucien kichwani kwa glovu zao, hata yule kijana. Kocha wake mwenyewe, mtu asiyesifu, alimshika kinyago kwa mikono miwili, akamwambia kwa sauti iliyofika hadi kwenye nguzo: "Msimu ujao goli ni lako! Lako!" Kisha bwana wa duka la vifaa akamkabidhi zawadi ya mchezaji bora, mashine ya kusukuma theluji, nyekundu, yenye utepe. Waliishi ghorofani, hawakuwa na hata hatua moja ya njia ya kusafisha. Ukumbi mzima uliangua kicheko, naye Lucien akainamia mashine kama anayesalimia mkwe.

*

Ni desturi, mechi ya nyota ikiisha, familia kushuka uwanjani. Taa kubwa hupunguzwa, muziki wa taratibu unawekwa, watoto hupewa viti vya plastiki wavisukume wasianguke. Mvuke ulikuwa umeinuka kutoka kwenye barafu, unafika magotini, hata watu wakaonekana kama wanaelea. Colette alichukua kiti chake na kupotea na watoto wa Bernadine.

Noreen alikuwa na mabuti yake ya kawaida, ambayo nyayo zake zimeisha. Lucien alimjia amevua kinyago, nywele zimelowa, uso mwekundu, akamshika chini ya kiwiko, akamtoa polepole hadi katikati ya uwanja.

"Uliona?" Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana.

"Niliona."

"Kilikuwa kinakuja kama kitu kinachozama majini, Noreen. Sijawahi. Miaka yote hii mahali pale nimepasikia pako jirani, leo nimefika." Alikuwa anacheka kama kijana. "Na magoti, huwezi kuamini, siyasikii! Nina misimu mingine minne mwilini. Mitano. Umemsikia kocha?"

"Nimemsikia."

Angeweza kungoja hadi nyumbani. Angeweza kungoja hadi kesho, amwachie usiku huu mmoja. Lakini Wendell angepiga simu kumpongeza, labda leoleo, na Noreen hakutaka alisikie kwa mwingine.

"Lucien. Wendell alipiga asubuhi."

Alimweleza yote: kazi, miaka mitatu, nyumba, saa kumi na moja. Alimweleza akimtazama shingoni, palipokuwa na alama ya kamba ya kinyago. Lucien alipunguza mwendo, kisha akasimama. Watu walikuwa wanawazunguka, wakitabasamu, wakimgonga begani wanapopita.

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Yaani ulisema utaniuliza?"

"Nilisema wewe umekubali."

Mvuke ulipita kati yao. Lucien alitazama goli alimokuwa amesimama dakika ishirini zilizopita, likiwa tupu sasa, mtoto mmoja akiingia na kutoka na kiti chake.

"Ungeniandikia," alisema. "Ningesoma."

"Niliandika. Niliiweka chini ya kikombe chako." Akainua macho kumtazama usoni. "Nikaitoa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungesema hapana."

Lucien alifuta jasho la paji la uso.

"Ndiyo," alisema. "Ningesema hapana."

Noreen alingoja amwachie mkono. Alikuwa amejiandaa kuanguka pale pale, mbele ya watu, na aliona angestahili. Lakini Lucien hakuachia. Barafuni, mtu mwenye mabuti yaliyoisha ukimwachia anavunjika, na vidole vile vikubwa vilibaki chini ya kiwiko chake, imara, bila kubana wala kulegea.

"Kesho nitampigia mwenyewe," alisema hatimaye. "Nitakwenda. Siwezi kumwaibisha Wendell, na haya magoti nayajua mimi, kesho asubuhi yatanidai. Colette naye amechoka kuhamahama, nimeona. Lakini nilikuwa na haki ya kukataa kwanza, Noreen. Nikatae, wewe ulie, tugombane wiki nzima, kisha nikubali. Hicho kilikuwa changu."

"Nisamehe."

Kipenga cha mwisho kilikuwa kimeshalia zamani. Hakuna kilichomkataza kusema. Noreen alingoja, akisikiliza muziki, vicheko vya watoto, vichuma vikikwaruza, akingoja neno lolote, hata la tusi.

Lucien akaanza kumwongoza kuelekea mlango wa pembeni. Alikwenda polepole, akipima hatua za mkewe, akimkwepesha mahali palipochimbika, akimkinga kwa bega watoto walipokuja mbio. Walivuka mstari mwekundu, wakavuka wa buluu. Mlangoni alimsaidia kuinua mguu wa kwanza juu ya kizingiti, kisha wa pili. Alipoona miguu yote miwili imekanyaga zulia la mpira, akamwachia.